Chupa Mbili na Mafuta ya Ganda la Korosho

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Upepo ulipanda kutoka bonde la Ruvuma tangu alfajiri, mkavu na wenye vumbi, ukang'oa bati moja la jiko letu hapa Newala na kulitupa uani kwa jirani. Mawingu yalipita meusi kama yenye mvua, yasiachie hata tone.

Mume wangu alikuwa shambani, kijiji cha Mnyambe, wiki yote, akiokota korosho. Asubuhi ile alirudi na magunia kwenye pikipiki, akaingia uani akimwita binti yake amletee maji ya kunywa. Binti akatoka na kikombe. Mume wangu alinyoosha mkono kukipokea, akauona uso, mkono ukabaki hewani.

Pua na mashavu vilikuwa vimevimba. Ngozi imegeuka rangi ya majani ya chai, na malengelenge yamepasuka yanatoka maji. Jicho moja lilikuwa limejifunga.

"Nani kakufanya hivi?"

"Ni dawa, baba. Zile chupa za Masasi."

Hakuuliza la pili. Aliingia chumbani kwa binti, akatoka na chupa mbili ndogo zenye vifuniko vya kudondoshea, akazitumbukiza kwenye kinu, akachukua mchi na kuzitwanga. Alitwanga kama mtu anayeua nyoka. Vioo viliruka mpaka mlangoni kwangu, kimoja kikanikata mguu. Kuku walikimbilia barabarani. Mimi nilisimama tu nikiangalia damu yangu inavyoshika vumbi, nikiwaza kwamba kwenye kinu kile sitatwanga tena muhogo.

Lazima nieleze kwamba binti huyu si wa tumbo langu. Mama yake alifariki, mimi nikaolewa hapa yeye akiwa ameanza shule. Ananiita mama mdogo, na mimi namwita mwanangu, na siku nyingi ni kweli. Nalisema hili kwa sababu jambo lote la siku ile lilinizunguka kichwani kwa namna hiyo: je, naona ninachokiona, au naona kwa jicho la mama wa kambo? Nimesoma mpaka darasa la saba. Pengine mwenye elimu angelipima haraka zaidi.

Uso wake ulikuwa vita ya muda mrefu. Tangu alipovunja ungo, pua yake ilijaa vidoa vyeusi, na mashavuni vinyweleo viliziba vikawa vipele visivyoiva wala visivyoondoka. Wavulana wa stendi walimwita stafeli. Yeye naye aliupiga uso wake kuliko walivyoupiga wao. Aliusugua kwa mswaki wenye chumvi. Alikamua kwa kucha mpaka damu. Siku moja nilimkuta na mwiba wa mlimao anachimba pembeni ya pua, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo, machozi yanamtoka na mkono hauachi. Nilimnyang'anya, akanisukuma, nikamzaba kofi, tukakaa wiki nzima tunasalimiana tu. Ndipo nikasema afadhali twende dukani kwa mtu anayejua.

Duka lenyewe liko Masasi, la vipodozi, na mwenye duka ni dada mmoja kutoka Mbeya, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwepo, kwa hiyo nitasema nilichosikia. Aliutazama uso wa binti bila kuugusa. Akatoa chupa ya kwanza.

"Hii ni asidi ya salisiliki. Kinyweleo kimezibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, kama bomba la karo. Hii inapenda mafuta, inayafuata mpaka ndani, inalegeza. Kwa vidoa vyeusi vya pua ndiyo yenyewe."

Akatoa ya pili. "Hii ni ya glikoliki. Hii yenyewe haishuki ndani, inafanya kazi juu, inabandua ile ngozi ngumu. Uso unang'aa."

"Nichukue ipi?" binti akauliza.

"Anza na ya salisiliki. Usiku, uso ukiwa umekauka, kidogo tu, mara mbili kwa wiki. Ikikuzoea ndiyo uingize ya pili, na siyo usiku mmoja. Zote mbili pamoja usipake. Mswaki na chumvi uache. Mchana paka mafuta ya kuzuia jua. Ikiwasha kidogo vumilia, ikichoma nawa."

"Kuna ya laktiki pia," akaongeza, "ni pole zaidi, ila imeniishia."

Hayo aliyasema, na aliyasema mara mbili. Lakini haki ni haki: baada ya kusema aanze na moja, alipoona binti ameshika zote mbili kifuani kama mtu aliyeokoa vitoto vya paka, aliziweka zote mbili kwenye mfuko. Hakumwambia rudisha hii. Na mimi sikumwambia.

Sasa turudi uani. Mume wangu alipokuwa anatwanga chupa, mimi nilikuwa namtazama binti, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyopata wasiwasi. Mimi ni mbanguaji wa korosho. Msimu ukifika tunakaa akina mama chini ya kibanda, tunakaanga kwenye bati, ganda linashika moto na kutema mafuta, na mafuta yale yakikupata hayaulizi. Tunajipaka majivu mikononi na bado tunaungua. Nina kovu la mkono wa kushoto, lilianza na rangi hiyo hiyo ya majani ya chai, na ukingo wake ulikuwa mweusi hivyo hivyo. Malengelenge yale nayajua. Lakini nikajiuliza: pengine asidi ya chupa nayo huunguza hivyo, wewe umeiona wapi?

Nilimvuta binti mpaka nyuma ya ukuta wa makuti tunakoogea.

"Nionyeshe mikono."

Akaificha ndani ya kanga. Nilimkamata kiwiko, nikamfungua vidole kwa nguvu, kimoja kikalia. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, nyeusi ile isiyotoka kwa sabuni, na ngozi yake imeanza kukunjamana.

"Umepasua korosho mbichi."

"Chache tu."

"Ukakamua ganda, ukapaka usoni."

Akasema kwa sauti ndogo, huku mdomo unamuuma: "Yule dada alisema ya salisiliki inafuata mafuta. Nikaona nikiitilia mafuta itashuka zaidi. Na mafuta ya ganda yanabandua, mama mdogo. Wewe mikono yako ikibanduka, chini inatoka laini kama ya mtoto mchanga. Nimeiona kila mwaka."

Kuhusu mikono yangu alikuwa anasema kweli. Wazee wetu wenyewe walichomea chunjua kwa mafuta hayo hayo. Mtoto wa Tabora au Tanga asingefikiria hivyo hata mara moja. Huyu amekulia juu ya magunia ya korosho, ameona ngozi ikifa na nyingine ikizaliwa mikononi mwa kila mama mtaani. Alifikiri, akaungua.

"Kwa nini umemwambia baba yako ni chupa?"

"Ni chupa pia. Nilianza na zote mbili, ikachoma, nikasema labda ndiyo kufanya kazi. Halafu ndiyo nikaongeza ganda." Akanishika mkono wenye kovu. "Usimwambie. Ataniua."

Hilo halikuwa neno la bure. Mume wangu si mtu mbaya, na nitasema mazuri yake hapa: hanywi uraka, ile pombe ya mabibo, halali nje, na mtoto akiugua humbeba mwenyewe mgongoni. Lakini mkono wake ni mwepesi, na akikasirika anapiga kilicho karibu kwanza, halafu ndiyo anaangalia ni nini. Binti alishawahi kukaa na mbavu zimefungwa kitambaa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimnawisha uso kwa maji ya baridi, mengi, hata yale ya kunywa, akawa ananiuma kanga ya begani asipige kelele.

Tulipotoka, pikipiki ilikuwa inanguruma na panga limefungwa kwenye kiti.

"Pandeni."

"Baba watoto, twende hospitali kwanza," nikasema. "Masasi tutakwenda kuuliza baadaye."

"Kuuliza nini? Uso wenyewe si unajibu? Panda, wewe ndiye unayelijua duka."

Tulipanda mshikaki, yeye mbele, binti katikati amejifunika kanga kichwa kizima, mimi nyuma. Kule kushuka mlima aliendesha vibaya. Pale kwenye kona tuligusa ukingo wa barabara, changarawe zikanichuna goti. Upepo ulikuwa unatupiga ubavuni kama unataka kutuangusha bondeni. Mimi nikawa najadiliana na nafsi. Nikisema sasa hivi, atasimamisha pikipiki atampiga hapa hapa porini, na hakuna mtu. Nisiposema, kuna mtoto wa watu kule chini amefungua duka lake, hajui kwamba tunamjia. Nikasema basi, ni juu ya binti mwenyewe kusema, nimpe nafasi mpaka Masasi. Nikamnong'oneza kwenye kanga: "Tukifika useme mwenyewe."

Tulifika jua likiwa juu. Dada wa duka alikuwa anapanga sabuni, akageuka akatabasamu, maana alinikumbuka.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Nilisema marahaba. Mume wangu hakusema. Huku kwetu ukinyimwa marahaba unajua kabisa mtu amekuja na nini, hata kabla hujaona panga. Tabasamu likamtoka. Mume wangu aliingia nyuma ya meza, akapitisha ubapa wa panga kwenye rafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho, vyote vikashuka: losheni, manukato, vikopo vya poda. Harufu ilijaa mpaka koo likawasha. Rafu ya pili aliing'oa kwa mikono. Kisha akamshika yule dada rasta zake, akamvuta chini mpaka uso ukagusa meza.

"Ulimuuzia nini mwanangu?"

"Baba, niachie nywele, nitakwambia."

"Nakuuliza ulimuuzia nini."

Mlangoni watu walishajaa. Nilisikia maneno yanavyokua yakipita kutoka mtu hadi mtu.

"Kuna nini humo?"

"Binti kaunguzwa uso."

"Kamwagiwa tindikali."

"Na nani?"

"Huyo huyo wa vipodozi."

"Wa kuja hao. Wanakula kwetu, halafu wanatuharibia dada zetu."

"Basi naye anyweshwe. Zitafutwe hizo chupa zake anyweshwe."

Aliyesema anyweshwe alikuwa kijana wa bodaboda, wala hakukasirika, alikuwa anatafuna muwa. Jiwe likaruka kutoka nyuma, sikuona mkono. Lilimpata yule dada juu ya nyusi, damu ikamwingia jichoni. Hakulia. Kichwa kikiwa bado kimebanwa mezani alisema haraka haraka: "Nilimwambia aanze na moja. Nilimwambia asichanganye. Mama huyo alikuwepo. Muulize mama huyo."

Mume wangu akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Nilimtazama binti, alikuwa amejibanza pembeni ya mlango, kanga imefunika kila kitu, jicho moja tu linaonekana, na jicho lile lilikuwa linanisihi. Kijana wa bodaboda alishaokota chupa moja sakafuni iliyosalimika, anaitingisha.

Nikasema, "Ni kweli. Alimwambia asichanganye. Na kilichomuunguza siyo chupa peke yake. Kapaka mafuta ya ganda la korosho."

Kofi lilinipata kabla sijafunga mdomo. Mdomo wa chini ulipasuka, nikahisi jino limezama kwenye nyama. Sisemi alinipiga kwa chuki. Nilikuwa nimesema mbele za watu kitu ambacho kilimfanya mjinga, na nilikuwa karibu.

"Unamtetea mtu baki unamsingizia mwanangu? Kwa sababu si wako?"

Hilo liliniuma kuliko kofi, maana ni lile lile nililokuwa najiuliza mwenyewe. Nikamfuata binti, nikamtoa mkono ndani ya kanga na kuunyanyua juu watu wauone. Hakuukaza. Vidole vyeusi.

Pale Masasi hakuna mtu asiyevijua vidole vile. Nusu ya wale waliosimama mlangoni mama zao wana vidole vile. Sauti ya mwanamke nyuma ikasema, "Ah, hiyo ni korosho," na mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Kaka, rudisha panga shambani, palilia."

"Kajikaanga mwenyewe huyo, mkamateni na muuza bati la kukaangia."

Walicheka wale wale ambao punde tu walitaka kumnywesha mtu asidi. Kijana wa muwa aliiweka chupa mezani polepole, kama mteja aliyebadili mawazo. Kicheko kile kilimpiga binti vibaya; alishuka chini kwenye vioo akakaa. Mume wangu akamwendea. Sikuona panga linavyopanda, niliona tu yule dada wa duka, damu mpaka kidevuni, ameshika mpini kwa mikono miwili.

"Humu mwangu hapana, baba. Umeshavunja vya kutosha."

Mimi nikashika kiwiko. Tulimning'inia hivyo, wanawake wawili, anatutikisa kama matawi, mpaka binti akasema kutoka pale chini: "Ni mimi, baba. Niliogopa utanipiga nikasema chupa. Sasa nipige, lakini siyo yeye."

Mkono wa mume wangu ulilegea. Aliacha panga lichukuliwe, akakaa juu ya kreti la soda. Watu walipoona hakuna zaidi wakaanza kuondoka.

Yule dada alijifunga kitambaa kwenye nyusi, akachukua maji ya dukani, akamnawisha binti uso, bila kusugua. Alimwambia asipake chochote cha asidi mpaka ngozi ifunge kabisa, na baadaye aanze na moja, kama alivyosema mwanzo. Alisema pia, bila kuulizwa, "Na mimi sikutakiwa kukupa zote mbili siku moja. Nilitaka kuuza." Kisha akaniangalia.

"Mama, ulijua tangu Newala?"

"Nilijua."

"Ukakaa kimya mpaka jiwe."

Nilitaka kumweleza habari ya mlima, na pori, na mbavu zilizofungwa kitambaa. Niliona damu yake, nikaacha. Nimelifikiria sana. Mara naona nilifanya kilichowezekana, mara naona ana haki kabisa. Wote wawili, binti na yule dada, walikuwa watoto wa mtu wa kulindwa, ila mmoja hakuambiwa kwamba anahitaji kulindwa.

Mume wangu hakuomba msamaha kwa mdomo. Aliokota misumari sakafuni, akainyoosha kwa jiwe, pengine lile lile lililorushwa, na kuzirudisha rafu ukutani. Alikubali kuvilipia vilivyovunjika korosho zikiuzwa. Tulipokuwa tunatoka alisimama mlangoni akamwambia yule dada bila kugeuka, "Wewe binti, uliponisalimia sikukujibu. Marahaba."

"Haya, baba," yule dada akasema. Hakusema karibu tena.

Tulirudi Newala, moja kwa moja mpaka hospitali. Nesi alimsafisha, akampa dawa ya kupaka, akasema ngozi itabanduka na alama zitachukua muda, nyingine pengine zitabaki. Njia nzima binti hakusema nami, na sikumlaumu. Nilikuwa nimemtoa mkono ndani ya kanga mbele ya umati mzima. Ni kweli nilimwokoa mtu, na ni kweli pia nilimwumbua yeye.

Jioni nilipika kwenye jiko lililong'oka bati, moshi unapelekwa huku na huku na upepo. Mume wangu alionja, akanyoosha mkono kutafuta kopo la chumvi.

Binti akasema, "Acha, baba. Mama mdogo mdomo umepasuka na mimi wangu pia. Kula hivyo hivyo."

Alirudisha mkono. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi zisizo na chumvi, sote watatu kwenye sahani moja, na hakuna aliyebakiza.